Mashine inatambua sauti, haimtambui mwenye wimbo

Ofisini kwetu malalamiko yameongezeka, na mengi yana kisa kimoja. Msanii amelipia biti (mdundo uliotengenezwa tayari) mtandaoni, ameingia studio, amepakia wimbo YouTube, na siku hiyohiyo anapata dai la hakimiliki kutoka kwa mtu asiyemjua. Tunaelewa uchungu wake. Lakini hakuna mtu aliyeketi akausikiliza wimbo huo ili kumhujumu.

Anayedai ni Content ID, mfumo ulioanzishwa na YouTube mwaka 2007. Mwenye haki huwasilisha rekodi yake, kisha kila video inayopakiwa hulinganishwa nayo. Msingi wa utambuzi wa aina hii ulielezwa na Avery Wang wa Shazam, programu ya kutambua nyimbo, mwaka 2003: sauti huchorwa kwa masafa (wembamba au uzito wake) na muda, vilele vyenye nguvu huchaguliwa, halafu huunganishwa viwiliviwili pamoja na muda uliopo kati yao. Ndiyo maana wimbo hutambulika hata ndani ya matatu yenye kelele; kelele hufunika baadhi ya vilele, si vyote. Siku hizi mashine pia hufundishwa kwa rekodi nyingi za wimbo uleule, ukiimbwa au ukipigwa mluzi, hadi ishike melodia yenyewe. Google imekuwa ikitafuta nyimbo kwa njia hiyo tangu 2020.

Kwa hiyo usitegemee kuongeza kasi ya biti kidogo. Kuandika "sidai hakimiliki" chini ya video hakukupi haki yoyote. Na ile "ruhusa ya sekunde saba" tunayoulizwa kila mara, eti waweza kutumia sekunde saba za wimbo wa mtu bila idhini, haimo katika sheria yoyote ya Kenya.

Shida kubwa ni biti ya leseni isiyo ya kipekee, inayouzwa kwa wasanii wengi. Mmoja wao akimruhusu msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo mitandaoni, kuusajili wimbo wake kwenye Content ID, mashine itaihesabu biti nzima kuwa yake. Kanuni za YouTube zinakataza kusajili sauti usiyoimiliki peke yako, ila wengi huweka tiki kwenye kisanduku cha kuthibitisha hilo bila kusoma.

Dai si straiki, yaani onyo rasmi la YouTube kwa chaneli. Ukilipinga, mdai ana siku 30 za kujibu. Akishikilia msimamo, unakata rufaa, naye ana siku 7. Ukipinga ndani ya siku 5 tangu dai litolewe, mapato yote huzuiliwa kuanzia siku ya kwanza ya dai. Ukichelewa, huzuiliwa kuanzia siku uliyopinga. Mdai akiomba video iondolewe, hapo ndipo straiki huja, na straiki 3 ndani ya siku 90 zinaweza kufunga chaneli. Usipinge kwa hasira, basi, kama huna hati.

Nawe unayedai, jihadhari. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yamefanya notisi ya uongo ya kuondoa kazi mtandaoni kuwa kosa la jinai: faini isiyozidi Sh500,000, kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili.

Ukija kwetu, njoo na leseni, risiti na faili za mradi kutoka studio. Prodyuza akikuahidi biti ni yako peke yako, aandike na atie sahihi. Leseni ya kipekee ya mdomo haitambuliki kisheria.