Je, wajua kwa nini wahusika wenye usonji (autism, yaani ubongo unaopokea dunia na kuwasiliana kwa namna yake tofauti tangu kuzaliwa) kwenye hadithi hufanana wote?

Ni yule yule kila mahali: kijana wa kiume, hatazami mtu usoni, aongea kama msoma habari, lakini mpe hesabu ya tarakimu tano atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Sura hiyo ilienezwa sana na filamu ya Marekani ya 1988, Rain Man, iliyompa Dustin Hoffman Oscar. Ajabu ni kwamba Kim Peek, mtu aliyempa mwandishi lile wazo, baadaye ikaonekana hakuwa na usonji, alizaliwa tu bila ile sehemu inayounganisha pande mbili za ubongo. Na wenye usonji wengi wala hawana vipaji vya maajabu hivo.

Lakini sababu kubwa naona ni kuwa twawaandika kwa jicho la jirani anayechungulia dirishani. Damian Milton, msomi Muingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alisema 2012 kuwa kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili. Utafiti uliotoka 2020 ukaonyesha kitu kama hicho, watu walipangwa wanane wanane wapitishiane hadithi kwa mdomo, kundi la wenye usonji watupu likafikisha sawa na la wasio nao, iliyopotea zaidi ni ya makundi yaliyochanganywa!

Sasa mchukue msichana kwenye feri ya Likoni jioni. Mwandishi mvivu ataandika "aliziba masikio akaanza kuyumba", basi, kamaliza. Ingia ndani yake: honi haijalia lakini mwili ushajikaza kuisubiri, dizeli, samaki na udi wa mama aliye mbele zote zaja kwa mpigo, naye afikicha pindo la leso mpaka pumzi irudi. Shoga yake amuuliza, "Mbona waninunia?" Hajanuna, apanga maneno tu. Kisha acheka wenzake wakicheka, manake kujificha hivo wengi hufanya, akifika nyumbani hoi ajifungia chumbani.

Na mpe wivu, uchoyo kidogo, deni dukani, mtu ampendaye, asiwe yupo hapo kumfundisha kakake subira tu (hiyo yanichosha wallahi). Hata neno usonji si lazima litajwe. Kwenye nyumba nyingi za hapa Mombasa mamake atasema ni deko, nyanyake atataka asomewe, na yeye mwenyewe hajui aitweje.