Je, wajua? Nani aliwafundisha ndege wa Uingereza kufungua chupa za maziwa?

Wanaokusanya chupa kuukuu za maziwa za Uingereza hutazama mdomo wa chupa kwanza. Ukiwa mpana na una ukingo kwa ndani, ilizibwa kwa duara la kadibodi lililopakwa nta. Ukiwa mwembamba, ni wa zama zilizofuata, za kifuniko cha alumini. Vifuniko vyote viwili vilishindwa na ndege asiyezidi gramu 20.

Muuza maziwa aliziacha chupa mlangoni alfajiri, wenye nyumba wakiwa bado wamelala. Maziwa yenyewe hayakuwa yamesindikwa ili mafuta yasijitenge, kwa hiyo malai yalipanda yakakaa shingoni mwa chupa. Ndege wadogo wa jamii ya Paridae, hasa yule mwenye utosi wa buluu na kifua cha njano, walitoboa kifuniko, wakanywa malai, wakaenda zao. Taarifa ya kwanza inatoka Swaythling, karibu na Southampton, mwaka 1921. Mwaka 1949 watafiti wa ndege James Fisher na Robert Hinde walichapisha ripoti walizokusanya kutoka sehemu nyingi za nchi. Shule moja ya Merstham, Surrey, iliwekewa chupa zipatazo 300 asubuhi moja. 57 zilikuwa zimefunguliwa kabla wanafunzi hawajafika. Kwingine ndege waliufuata mkokoteni wa maziwa na kujihudumia muuzaji akiwa bado anagonga milango. Wachache walikutwa wamezama, kichwa ndani ya chupa, miguu juu.

Hadithi inayosimuliwa mara nyingi, hata kwenye semina za mameneja, ni kwamba ndege mmoja mwerevu aligundua ujanja huo, wenzake wakamtazama na kumwiga, elimu ikaenea nchi nzima. Inapendeza, ila haisimami vizuri.

Kwanza, ndege hawa si wasafiri. Ni nadra kwao kuhama zaidi ya kilomita 20 na kitu kutoka walikozaliwa, ilhali tabia hiyo ilizuka katika miji iliyotengana sana. Fisher na Hinde wenyewe waliona kwamba lazima iligunduliwa mara nyingi, na ndege tofauti. Pili, ugunduzi haukuwa mkubwa kiasi hicho. Kubandua vipande vyembamba kwa mdomo ndiyo kazi yao ya kila siku, kwa kuwa wadudu wanaowala hujificha chini ya magome ya miti. Wakiingia ndani ya nyumba huchana hata karatasi za ukutani, ambako hakuna malai wala mdudu.

Tatu, kuna jaribio la Kanada la mwaka 1984. David Sherry na Bennett Galef waliwachukua ndege wa jamii hiyohiyo wa Amerika Kaskazini, wakawapa vikopo vya malai vilivyofunikwa kwa alumini. Baadhi walivifungua bila kuonyeshwa na yeyote. Wale ambao hawakuweza waligawanywa: wengine walimtazama ndege mzoefu akifungua, wengine walikuta tu vikopo vilivyokwisha kufunguliwa. Makundi yote mawili yalitoa wafunguaji.

Fikiria njia ya mkato inayokatiza uwanja wa mpira. Wa kwanza kupita hakumwita mtu, na pengine hakuonwa. Alilaza majani tu. Anayekuja baadaye anaona majani yamelala, anapita hapohapo, na kwa kupita anayalaza zaidi. Mwezi ukiisha kuna njia, nayo haina mwalimu. Chupa iliyotobolewa ni majani yaliyolala: ndege mgeni anatua, anakuta malai wazi, anakula. Kesho yake anatua juu ya chupa iliyofungwa, anadonoadonoa kama anavyodonoa gome, na kifuniko kinaachia. Sasa naye ameacha chupa wazi kwa mwingine.

Hata hivyo, jaribio hilo lilikuwa la ndege wachache waliofungiwa, tena wa spishi nyingine. Linaonyesha kwamba kuiga hakukuwa lazima, si kwamba hakuna ndege aliyewahi kuiga. Watafiti haohao waliona baadaye kwamba hata kuwapo kwa mwenzake jirani kulimsaidia ndege kujaribu. Na mwaka 2015 Lucy Aplin na wenzake, katika msitu wa Wytham karibu na Oxford, waliwafunza ndege wachache kusukuma mlango wa kisanduku upande mmoja. Kila kitongoji cha msitu kikashika upande wa ndege wake waliofunzwa, ingawa upande wa pili ulitoa chakula kilekile. Kuangaliana kupo, basi. Ila kwenye chupa za maziwa hakukuhitajika.

Tabia hiyo ilififia watu walipohamia maziwa ya dukani, yaliyopunguzwa mafuta au yaliyosindikwa hadi malai yasipande. Ndege hana uwezo mzuri wa kusaga laktosi, sukari ya maziwa. Kwenye malai ya juu alipata mafuta mengi na laktosi kidogo. Mafuta yaliposambazwa chupa nzima, kila funda likaja na sukari inayomsumbua tumbo.