Mwanaume, Usiseme Kifua: Sema Titi

Mzee alifika kliniki kwetu na karatasi tatu za majibu ya makohozi, zote hasi. Kwa miezi minane alikuwa akienda zahanati na kusema jambo lilelile: "Nasumbuliwa na kifua." Kila aliyemsikia alielewa kama ambavyo Mswahili yeyote angeelewa: kikohozi, nimonia, pengine kifua kikuu. Akapewa kikopo cha makohozi, akapigwa eksirei, akapewa antibayotiki, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemwomba avue shati, naye hakulivua.

Alipolivua mbele yangu, chuchu ya kushoto ilikuwa imezama ndani kama kitovu na ngozi kuizunguka imekunjamana. Kwenye fulana ya ndani, upande uleule, palikuwa na doa la kahawia dogo kama kifungo cha shati. Mkewe ndiye aliyeliona kwanza, alipokuwa akifua, akadhani ni kutu ya waya wa kuanikia nguo. Nilipopapasa chini ya chuchu, vidole vyangu vilikutana na kitu kigumu chenye ukubwa wa kokwa la zambarau, kimeng'ang'ania mahali pake.

"Mzee, hiki umekiona lini?"

"Tangu mwaka juzi, mwanangu. Lakini hakiumi."

Jibu hilo la "hakiumi" nimelisikia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Sisi huenda hospitali tunapoumwa, na kisichouma tunakipa muda. Saratani ya titi, kwa mwanaume kama kwa mwanamke, mara nyingi huanza bila maumivu yoyote. Maumivu yakija, ugonjwa huwa umeshatembea.

Lugha yetu nayo imechangia. Mwanamke tunasema ana matiti. Mwanaume tunampa kifua. Akisikia "saratani ya matiti" anamfikiria mama yake, mkewe, dada yake. Mwezi Oktoba, mabango ya rangi ya waridi yanapotundikwa, atamsindikiza mkewe kwenda kupimwa na kumsubiri nje chini ya mwembe, bila hata mara moja kupeleka mkono kwenye ubavu wake mwenyewe. Na siku akipata tatizo, neno pekee alilonalo ni hilo la kifua, ambalo linampeleka kwenye dirisha la makohozi.

Mwanaume ana matiti. Watoto wote, wa kiume na wa kike, huzaliwa na vifereji vya maziwa nyuma ya chuchu. Akina mama wanalijua hili kuliko wengi wetu: wamewahi kumwona mtoto mchanga wa kiume amevimba matiti siku chache baada ya kuzaliwa, pengine yakitoa hata tone la maziwa, kwa sababu ya homoni alizotoka nazo kwa mama yake. (Yasikamuliwe, yataisha yenyewe.) Wakati wa balehe matiti ya msichana hukua, ya mvulana hubaki madogo, lakini hayaondoki. Na penye vifereji hivyo saratani inaweza kuota.

Sitaki kumtisha mtu: ugonjwa huu kwa wanaume ni adimu. Mwaka 2022 duniani kote waligunduliwa wanawake takribani milioni 2.3 wenye saratani ya matiti, na kwa kawaida katika kila wagonjwa 100 wa saratani hii mwanaume ni mmoja hivi. Marekani, ambako hesabu huwekwa vizuri, makadirio ya mwaka 2024 yalikuwa wanaume 2,790 watakaogunduliwa na 530 watakaofariki. Kwa hiyo hakuna anayemtaka kila mwanaume apange foleni ya mammogramu, yaani eksirei ya matiti. Ninachoomba ni kidogo zaidi: akijue kifua chake kama anavyozijua nyayo zake, ili siku kikibadilika asikae nacho miaka miwili.

Na hapa maumbile yametupa pabaya na pazuri. Pabaya ni kwamba nyama ya titi la mwanaume ni kidogo sana. Uvimbe hauna safari ndefu. Sentimita moja au mbili tu unafika kwenye chuchu, kwenye ngozi, au kwenye msuli ulio chini. Pazuri ni hiyohiyo nyama kidogo. Kwenye titi kubwa la mwanamke kinundu kinaweza kujificha ndani sana, lakini kwa mwanaume hata cha ukubwa wa punje ya mahindi kinaweza kushikika kwa kidole. Mwanaume angeweza kuwahi kuliko mwanamke, na bado ndiye anayechelewa. Jambo hilo huniuma kila ninapokaa na mgonjwa wa namna hii.

Wapo wanaume wenye majina makubwa waliolisema hadharani. Edward Brooke, seneta wa zamani wa Marekani, aligunduliwa mwaka 2002 akiwa amevuka umri wa miaka 80. Alitibiwa, mwaka uliofuata akajitokeza kuwaambia wanaume wenzake, na aliishi hadi 2015. Mathew Knowles, baba mzazi wa mwanamuziki Beyoncé, alitangaza Oktoba 2019 kwamba amefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi. Yeye hakuanza na uvimbe. Alianza na kitone cha damu kwenye fulana zake nyeupe. Anabadilisha fulana, kitone kinarudi. Mkewe naye akakuta alama kama hizo kwenye shuka. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mzee wangu na ile kutu ya waya. Ndiyo maana huwa nawaambia akina mama wanaofua nguo za waume zao, na vijana wanaowafulia baba zao: doa linalorudi mahali palepale, mbele ya chuchu, lisiishie kwenye sabuni. Mwambie mwenye nguo.

Knowles alikutwa na hitilafu kwenye jeni, yaani chembe ya urithi, inayoitwa BRCA2. Hitilafu hiyo mtu huirithi kutoka kwa mzazi mmojawapo. Mwanaume wa kawaida ana nafasi ya takribani moja katika 1,000 ya kupata saratani ya titi maishani mwake. Mwenye hitilafu hii hupanda hadi kama saba katika 100, na uwezekano wake wa kupata saratani ya tezi dume nao huongezeka. Kwa hiyo tunapouliza historia ya ukoo, usitutajie upande wa mama peke yake. Watu wengi hudhani saratani ya matiti hutoka kwa mama na bibi mzaa mama. Mtaje na shangazi. Dada wa baba yako aliyefariki kwa "donda la ziwa" ni habari yako, kwa sababu baba yako anaweza kuwa alibeba hitilafu hiyohiyo bila kuugua, na kila mtoto wake, wa kiume au wa kike, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipokea. Mwanaume anayejulikana kuwa nayo hushauriwa kuanza kujichunguza na kukaguliwa na daktari kila mwaka tangu anapofika miaka 35.

Sababu nyingine nitazipitia haraka. Umri: wengi wa wagonjwa wana zaidi ya miaka 60, ingawa nimewaona wa miaka 40. Ini lililoharibika, iwe kwa pombe au kwa homa ya ini, hushindwa kupunguza homoni ya kike ya estrojeni ambayo kila mwanaume anayo kidogo mwilini, nayo hulilisha titi. Kitambi na unene hufanya kazi kama hiyo. Kuna pia matatizo ya korodani, kama zile ambazo hazikushuka utotoni au zilizoharibiwa na matubwitubwi, mionzi iliyowahi kupigwa kifuani kutibu ugonjwa mwingine, na wanaume wachache wanaozaliwa na kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya X ya ziada. Lakini mwanaume anaweza asiwe na hata moja kati ya hizi na bado akaugua.

Sasa, si kila kinachovimba ni saratani, na wengi wanaokuja kwetu na hofu huondoka nayo imekwisha. Mvulana wa miaka 13 au 14 anayekuta kitu kama kisahani cha mpira chini ya chuchu, kinachouma akigongwa mpirani, yuko kwenye balehe. Kwa kawaida kitaisha ndani ya miaka miwili. Mtu mzima naye anaweza kuota matiti kwa sababu ya dawa: baadhi za moyo na presha kama spironolaktoni, efavirenzi kati ya zile za kufubaza virusi vya UKIMWI, na nyingine za vidonda vya tumbo. Usiache dawa yako kwa kusoma makala hii. Nenda kamwone aliyekuandikia. Uvimbe wa namna hiyo huwa laini kiasi, umeizunguka chuchu sawasawa, mara nyingi pande zote mbili, na huuma ukibonyezwa. Ule unaotutia wasiwasi ni mgumu, uko upande mmoja, mara nyingi umekaa pembeni kidogo ya chuchu au nyuma yake, hausogei vizuri, na hauumi. Hata hivyo, kutofautisha si kazi yako nyumbani. Kazi yako ni kugundua.

Kujichunguza kunachukua dakika tatu, mara moja kwa mwezi, bafuni. Vua shati, simama mbele ya kioo, tazama pande zote mbili: je, chuchu zinalingana? Imo iliyozama ambayo zamani ilikuwa nje? Kuna ngozi iliyobonyea, iliyokunjamana au yenye vishimo kama ganda la chungwa, au kidonda kwenye chuchu kisichopona kwa mafuta wala marashi? Inua mikono juu ya kichwa utazame tena, kwa sababu ngozi iliyovutwa na uvimbe hujionyesha zaidi mikono ikiwa juu. Kisha jipake sabuni. Mkono wa kulia uchunguze titi la kushoto, kwa vidole vitatu vya katikati vilivyolala bapa, si kwa ncha. Zungusha taratibu kuanzia mtulinga hadi chini ya titi, kutoka mfupa wa katikati ya kifua hadi ubavuni, na utulie zaidi nyuma ya chuchu kwa sababu hapo ndipo mara nyingi huanzia. Malizia kwapani, mkono ukiwa umeshushwa kidogo ili nyama zilegee, utafute mitoki. Badili upande. Mwenye kifua kinene afanye akiwa amelala chali, mkono mmoja chini ya kichwa.

Ukikuta kitu, usikikande kwa maji ya moto, usikichanje, usikibandike dawa ya jipu ukisubiri kiive. Mzee wangu alifanya yote matatu.

Hospitali, daktari atakushika kama ulivyojishika, kisha atakutuma utrasaundi au mammogramu, ambayo kwa mwanaume pia inafanyika vizuri. Jibu la uhakika hutolewa na kinyama kidogo kinachochukuliwa kwa sindano baada ya kuchomwa ganzi. Hapo ndipo wengi hukimbia, kwa maneno kwamba saratani ikiguswa na chuma inasambaa. Si kweli, na ninajua imani hiyo ilikotoka: watu wamewaona ndugu zao wakipimwa leo na kuzikwa baada ya miezi michache, kumbe walifika wakiwa na ugonjwa uliokwisha kufika mapafuni au kwenye mifupa. Sindano imekuta msiba njiani.

Matibabu huwa ni upasuaji wa kuondoa titi na kukagua tezi za kwapani, na kutegemea hatua ya ugonjwa huongezwa mionzi au dawa za kemikali. Hapa Tanzania, Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza ni miongoni mwa vituo vinavyotoa mionzi. Kisha lipo jambo ambalo wanaume wana bahati nalo: takribani 9 kati ya 10 ya saratani zao hutegemea homoni ya estrojeni, kwa hiyo uwezekano wa ugonjwa kurudi hupunguzwa kwa kidonge kimoja cha tamoksifeni kila siku, kwa kawaida kwa miaka mitano. Kidonge hiki huleta joto la ghafla mwilini na kwa baadhi hupunguza hamu ya tendo la ndoa, na wapo wanaokiacha kimyakimya kwa aibu ya kulisema hilo. Tuambieni. Tumeshayasikia, na mara nyingi lipo la kufanya.

Mzee alifanyiwa upasuaji. Aliporudi kuonyesha kidonda alikuja na binti yake mkubwa na vijana wawili, kwa sababu tulimwomba, na mbele yao akasema mwenyewe, taratibu, jina la ugonjwa wake. Binti aliuliza kama na yeye apimwe. Tukampangia siku.

Kwa hiyo ukifika zahanati, usiseme "kifua". Sema: "Nina uvimbe kwenye titi," au "chuchu yangu inatoa maji," na uvue shati hata kama hujaombwa. Ukiambiwa usubiri, uliza usubiri hadi lini, na wiki mbili zikipita uvimbe ukiwa palepale, rudi uombe rufaa ya maandishi kwenda kwa daktari wa upasuaji. Kama fulana ina doa, usiifue, njoo nayo.