Kupiga 112, namba ya dharura, pasipo na mnara wa simu: ukweli ni upi?

Kila watu wakianza kupanga kupanda Mlima Rungwe au kwenda Ziwa Ngosi, huko Mbeya, ujumbe ule hurudi kwenye magrupu: usiogope kutembea peke yako mlimani, hata pasipo na mtandao kabisa piga 112, itapita kwa setilaiti.

Nusu yake ni kweli, ndiyo maana unaaminika. Ukipiga 112, simu inaruhusiwa kutumia mnara wa kampuni yoyote ulio karibu, hata kama laini yako haishiki hapo na salio huna. Lakini mnara lazima uwepo. Simu nyingi tulizonazo haziwezi kupiga kwa setilaiti. GPS ya ramani inapokea tu mawimbi yake, haitumi chochote, na hapo ndipo wengi tunapochanganya.

Kujua kama mnara upo, huna haja ya kupiga 112 kwa majaribio (tafadhali usifanye hivyo). Tazama juu ya kioo cha simu. "Simu za dharura pekee" maana yake kuna mnara wa kampuni nyingine. "Hakuna huduma" ni hakuna kweli.

Kutembea peke yako kuna raha yake. Ukungu ukitanda kwenye mianzi, unasikia matone na pumzi yako tu. Simzuii mtu. Ila ujumbe huo tuache kuusambaza. Ukikufikia, uishie kwako. Kabla ya kupanda, mwachie mtu njia yako na saa ya kurudi. Na mtandao ukipotea, weka simu kwenye hali ya ndegeni, maana ikihangaika kutafuta mnara inakula chaji vibaya.