Mwani, vumbi na hewa ya ukaa: wapi tunakosea kuhusu zama za barafu

Kwa nini hewa ya ukaa (CO2) ilipungua angani zama za barafu? Husemwa: "Bahari ilipoa, ikameza gesi, basi." Nusu ya hayo ni kweli, soda baridi hushika gesi kuliko ya moto. Hewa iliyonaswa kwenye barafu ya Antaktika inaonyesha CO2 ikiwa karibu sehemu 180 kwa kila milioni za hewa katika kilele cha zama za barafu, na 280 hivi zama hizo zilipokwisha. Pengo ni 100. Sasa piga hesabu. Ubaridi wa maji unaondoa kama 30. Lakini maji mengi yaligeuka barafu nchi kavu, bahari ikashuka mita 120 hivi, chumvi ikakolea, na maji ya chumvi hushika gesi kidogo, kwa hiyo 6 au 7 zinarudi hewani. Misitu iliyosinyaa inaongeza kama 15. Kinachobaki hakifiki 10.

Ndipo mwani unapoingia, ule mdogo unaoelea baharini usioonekana kwa macho. Hunyonya CO2 juani, hufa au huliwa, na mabaki na vinyesi huzama. Bakteria huviozesha chini, kaboni ikabaki kwenye maji yasiyopanda upesi. Hapa Goma, Kongo, tuna mfano mlangoni: vilindi vya Ziwa Kivu vimefungia kilomita za ujazo 300 hivi za CO2, gesi ile ile ya mazuku (mabonde yenye hewa ya kuua), kwa kuwa maji ya chini ni mazito na yana chumvi zaidi. Ya Kivu nyingi ilitoka kwenye volkano, si kwa mwani. Kinachofanana ni kifuniko.

"Mwani ni kidogo mno." Kwa uzito, ndiyo: kaboni yake hai ni kama tani bilioni moja tu. Ila hufa na kuzaliwa ndani ya siku chache, hivyo kwa mwaka hupitisha karibu tani bilioni 50, zinazokaribia za mimea yote ya nchi kavu.

"Makombe yana kaboni, yakiongezeka CO2 hupungua." Kinyume kabisa. Bikaboneti mbili (kaboni iliyoyeyuka majini) zikiungana na kalsiamu hutoa chokaa moja, maji, na CO2 moja inayorudi majini.

"Basi tumwage chuma baharini, mwani ustawi." Mwanasayansi wa bahari John Martin alipendekeza mwaka 1990 kwamba vumbi la zama za barafu lililisha mwani wa Bahari ya Kusini, inayozunguka Antaktika, kwa chuma. Hoja ina nguvu, ingawa wengi hawaipi zaidi ya nusu ya pengo. LOHAFEX, jaribio la 2009 la kumwaga chuma katika bahari hiyo, lilionyesha tatizo: mwani ulistawi, lakini silika ilikuwa haba, hivyo diatomu, aina ya mwani wenye gamba gumu la silika, hazikuota. Mwani mwingine ulioota uliliwa na vijidudu vya majini, na kaboni nyingi ikapumuliwa upya karibu na uso wa maji.