Msanii huru wa soul na blues: wimbo ni wa nani, rekodi ni ya nani?

Jioni moja ya Agosti 1990, katika uwanja wa wazi huko Brooklyn, New York, upepo mkali uliangusha mitambo ya taa za jukwaa. Ikamwangukia Curtis Mayfield, mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi kutoka Chicago, akiwa ndio kwanza anapanda kuanza shoo yake. Alipooza kuanzia shingoni kushuka chini na hakupiga gitaa tena. Miaka sita baadaye alitoa albamu yake ya mwisho. Aliirekodi akiwa amelala chali, akiimba mstari mmoja kisha akipumzika, kwa sababu akilala hivyo ndipo pumzi ilipomtosha kutoa sauti.

Nimeanza na Mayfield kwa makusudi. Waimbaji chipukizi ninaokutana nao katika mafunzo yetu ya hakimiliki huuliza zaidi namna ya kupata wasikilizaji. Ni swali la maana, ila ningependa watangulize jingine: siku sauti ikikataa, au mwili ukikataa, ni kitu gani kitaendelea kukulipa? Mayfield alikuwa na jibu muda mrefu kabla ya ajali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, bado yumo katika kundi la The Impressions, alianzisha kampuni yake mwenyewe ya kusimamia haki za nyimbo, na mwaka 1968 akaongeza lebo, yaani kampuni ya kurekodi na kuuza muziki, Curtom. Alipokuwa kitandani, nyimbo zake zilikuwa bado kazini. Wasanii wa hip hop walikuwa wakikata vipande vya rekodi zake za zamani na kuvijengea nyimbo mpya, na kila kipande kilichoombewa ruhusa kilikuwa na malipo ya mtunzi ndani yake.

Ili hilo lieleweke, lazima tuanzie kwenye jambo ambalo hata wasanii wazoefu hulichanganya. Kile unachokisikia spikani ni mali mbili, si moja. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na melodia. Hiyo ipo hata kama wimbo haujawahi kuingia studio. Ya pili ni rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku fulani, na waimbaji na wapigaji fulani. Rekodi ya asili ndiyo mafundi huiita masta. Mtu mmoja anaweza kumiliki zote mbili, anaweza kumiliki moja, na anaweza kuwa ndiye anayesikika tangu mwanzo hadi mwisho na asimiliki chochote.

Hilo la mwisho halikuwa jambo la nadra. Bessie Smith aliingia kampuni ya Columbia mwaka 1923. Rekodi yake ya kwanza sokoni ilikuwa wimbo uliotungwa na wanawake wengine wawili, Alberta Hunter na Lovie Austin. Iliuzika vibaya sana, maana yangu ni kwamba watu waligombania. Lakini mkataba wake ulimpa kiasi maalumu kwa kila wimbo uliorekodiwa na kukubaliwa, dola 125 mwanzoni, bila mrabaha, yaani fungu la mapato kila kazi inapouzwa au kutumiwa. Santuri ikiuza elfu au laki kadhaa, yeye alishalipwa na biashara imeisha.

Ruth Brown yeye alikuwa na mrabaha kwenye karatasi, na kisa chake ndicho ninachokirudia kila mwaka darasani. Kuanzia 1949 aliimba nyimbo zilizoiinua Atlantic, kampuni iliyokuwa changa, kiasi kwamba watu waliiita nyumba aliyoijenga Ruth. Miaka ya 1960 mambo yalipobadilika, alifanya usafi majumbani mwa watu na kuendesha basi la shule ili alee watoto wake. Daftari la kampuni lilionyesha kwamba yeye ndiye anayedaiwa.

Inawezekanaje? Chukua hesabu ya kubuni. Lebo inatumia dola 20,000 kurekodi albamu, na mkataba unampa msanii asilimia 15. Albamu inaingiza dola 100,000. Sehemu ya msanii ni 15,000. Lakini gharama za studio hukatwa kwenye sehemu yake yeye, si kwenye fungu zima. Kwa hiyo lebo imebaki na dola 80,000 baada ya kutoa gharama za studio, na bado inamwandikia msanii deni la dola 5,000. Ongeza usafiri, mavazi na wapigaji wa kukodi, deni halifikii mwisho. Hakuna wizi wa kuvunja mlango hapo, kila kitu kimesainiwa. Inaniuma kila ninapoieleza, kwa sababu mikataba ya namna hii ingali inasainiwa.

Brown hakukubali yaishe hivyo. Alipambana kwa miaka akiwa na wakili, na mwaka 1988 Atlantic ilikubali kufuta madeni ya namna hiyo, yake na ya wakongwe wenzake kadhaa, na kuanza kuwalipa upya. Mwaka huohuo ukazaliwa mfuko wa Rhythm and Blues Foundation wa kuwasaidia wasanii wa kizazi chao.

Wapo waliowahi kuona mbele. Ray Charles alipohamia lebo ya ABC-Paramount mwishoni mwa 1959 alidai umiliki wa masta zake na akaupata, kitu ambacho wasanii wengi wa wakati ule hawakuthubutu kukiomba. Sam Cooke na mshirika wake J. W. Alexander walikuwa na kampuni yao ya haki za nyimbo, KAGS, pamoja na lebo ya SAR. Mayfield alitembea katika njia hiyo.

Sasa tuje kwa msanii huru wa leo. Neno "huru" limepotosha wengi, wakadhani maana yake ni kufanya kila kitu peke yako chumbani. Sharon Jones aliwahi kuwa askari magereza katika gereza la Rikers Island na mlinzi wa magari ya kusafirishia fedha. Albamu yake ya kwanza ilitoka 2002, umri umeshapita miaka 40. Charles Bradley alizunguka vilabuni miaka mingi akimwigiza James Brown, na albamu yake mwenyewe ikatoka 2011 akiwa na miaka 62. Wote wawili walibebwa na Daptone, lebo ndogo iliyoanzishwa Brooklyn mwaka 2001, yenye studio ndani ya nyumba ya kawaida na mashine ya kurekodia kwenye utepe. Haikuwa kampuni kubwa, na hawakuwa peke yao. Kinachotofautisha ni nani anaamua na nani anamiliki. Nakiri pia kwamba nazipenda soul na blues kwa sababu hii: ni miongoni mwa aina chache za muziki ambamo sauti iliyokwaruzwa na maisha haihesabiwi kuwa imezeeka.

Anayeimba kwa jina la Fantastic Negrito amepitia pande zote mbili. Miaka ya 1990 alikuwa katika lebo kubwa ya Interscope, akatoa albamu moja mwaka 1996 ambayo haikwenda mbali. Baadaye akapata ajali ya gari, akapoteza fahamu kwa wiki tatu, na mkono wake wa kupigia gitaa ukaharibika. Aliacha muziki kwa miaka. Aliporudi alianza barabarani, akipiga mitaani Oakland, California, na mwaka 2015 akashinda shindano la Tiny Desk la redio ya umma NPR. Albamu zake tatu zilizofuata zikapata Grammy ya blues ya kisasa, 2017, 2019 na 2021. Muziki huo ulijengwa na kikundi cha wenzake wa Oakland, nje ya makampuni makubwa.

Fedha za msanii wa namna hii hutoka wapi? Jukwaani kwanza, na meza ya kuuzia CD, santuri na fulana pale mlangoni. Hapo sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba bendi kamili ya soul yenye tarumbeta na saksafoni ni ghali, ndiyo maana wengi husafiri wawili au watatu na kuita wapulizaji kwa shoo kubwa tu. Penye utajiri wa kueleza ni mirabaha, kwa sababu ndiko fedha hulala bila mwenyewe kuzijua.

Kwa Marekani, redio za kawaida za masafa humlipa mtunzi na msimamizi wa haki za utunzi. Mwimbaji na mwenye rekodi hawalipwi. Anayeimba nyimbo za kutungiwa anaweza kusikika kila asubuhi na asipate senti kutoka kituo kile, huku mtunzi akipokea kupitia vyama kama ASCAP au BMI. Redio za kidijitali, za intaneti na za setilaiti, ni habari nyingine. Huko shirika la SoundExchange hukusanya, na katika kila dola 100 za mgawo, 50 huenda kwa mwenye rekodi, 45 kwa msanii mkuu na 5 kwa wapigaji na waimbaji wasaidizi. Aliyejirekodi mwenyewe anachukua 95. Lakini lazima ajisajili mara mbili, kama msanii na kama mwenye rekodi. Anayejisajili kama msanii tu anaziacha zile 50 mezani.

Kosa jingine lipo kwenye majukwaa ya kusikilizia mtandaoni. Msanii anaweka muziki wake kupitia kampuni ya usambazaji, anaona fedha zikiingia, anaamini zimeingia zote. Zile ni za rekodi. Kuna mrabaha wa utunzi kwa ajili ya kunakili wimbo, ambao Marekani tangu Januari 2021 hukusanywa na chombo kinachoitwa Mechanical Licensing Collective. Usipojisajili huko, wala kumpa msimamizi akusajilie, fungu lako linabaki kwenye akaunti ya wasiojulikana. Kwa CD, santuri na wimbo wa kupakua, kiwango kilikwama kwenye senti 9.1 kwa nakala tangu 2006 hadi 2022, kisha kikapanda kuwa senti 12 mwaka 2023.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna daftari linalopuuzwa kama karatasi ya mgawo, ile inayoandika nani ana asilimia ngapi ya utunzi. Mpiga kinanda anapokuongezea kipande cha melodia usiku wa manane, kila mtu amefurahi, nani atataja asilimia? Taja. Kwa sheria ya Marekani, watunzi wenza wasiokubaliana vinginevyo huhesabiwa kumiliki sawasawa. Aliyeandika maneno yote na yule aliyetoa noti nne za kiitikio, kama noti hizo ni utunzi na wote walikusudia kutunga pamoja, wanaweza kujikuta nusu kwa nusu. Andikeni majina kamili, asilimia, tarehe na saini kabla ya kuzima mashine. Ukurasa mmoja unatosha.

Na aliyekwisha kusaini vibaya? Sheria ya hakimiliki ya 1976 inampa mtunzi aliyehamisha haki zake kuanzia 1978 nafasi ya kuzirudisha baada ya miaka 35, kwa haki zinazohusu Marekani. Taarifa ya maandishi lazima itolewe si chini ya miaka miwili na si zaidi ya miaka 10 kabla ya tarehe ya kurudishiwa. Haihusu kazi iliyofanywa kama ya kuajiriwa, na kwa rekodi ndipo mabishano na malebo huwa makali, hivyo tafuta wakili mapema. Aliyesaini mwaka 1995 anaweza kulenga 2030, na dirisha lake la kutoa taarifa limefunguka tangu 2020.

Nafasi hiyo mtunzi akifariki bila kuitumia, hutumiwa na warithi, na ulinzi wa nyimbo zenyewe huendelea. Mayfield alifariki Desemba 1999. Kwa kuwa sheria hulinda utunzi wa kuanzia 1978 kwa maisha ya mtunzi na miaka 70 baada yake, nyimbo alizotunga peke yake tangu mwaka huo zitalindwa hadi mwisho wa 2069.