Presha 110, lakini mshipa umelala

Saa saba usiku radiografa wetu, anayeendesha mashine ya CT ya kupiga picha za ndani ya mwili, alinipigia simu mimi daktari wa kusoma picha hizo. “Dokta, njoo umwangalie huyu kijana wa bodaboda kabla sijamshusha mezani.” Nikamuuliza presha ikoje. “110 kwa 70.” Basi nikaenda bila haraka. Nikakaa kwenye skrini, nikapita kiungo kimoja kimoja kama nilivyofundishwa: ini zima, figo nzima, wengu una mpasuko mdogo na damu kidogo pembeni. Nikaanza kuandika ripoti. Ndipo jicho likatua kwenye vena kava ya chini, ule mshipa mkubwa unaopanda kando ya uti wa mgongo kurudisha damu moyoni. Kwa kawaida huwa na umbo la yai. Wa kijana huyu ulikuwa bapa kama mkanda wa suruali.

Niliponyanyua simu kumtafuta daktari wa upasuaji, ile presha ya juu, iliyokuwa 110, ilikuwa imeshashuka hadi 70.

Damu kidogo pembeni mwa wengu haimfikishi mtu hapo. Iliyobaki ilikuwa pajani, kwenye mfupa uliovunjika ambao picha zetu za tumbo hazikuufikia, na nyingine aliiacha barabarani. Mshipa ulikuwa umeniambia kuwa damu imepungua, popote ilipokwenda, nami nilikuwa nikiitafuta tumboni tu.

Mtu mzima wa kilo 70 ana damu ya lita 5 hivi. Anaweza kupoteza karibu asilimia 30 ya hiyo na presha yake isitikisike, hasa akiwa kijana. Mishipa inajikaza, moyo unakwenda mbio, na ngozi na utumbo vinanyimwa damu ili ubongo na moyo vipate. Ukitaka dalili kitandani, tazama mapigo na ubaridi wa vidole (mapigo ya kijana yule yalikuwa 128, na hakuna aliyenitajia, wala mimi sikuuliza). CT nayo inaonyesha jinsi mwili unavyobana matumizi.

Vena kava ndiyo ya kwanza kusema kwa sababu ukuta wake ni mwembamba. Umbo lake linategemea damu iliyomo, kama mfuko wa plastiki unavyotegemea maji. Tunapima kutoka mbele kwenda nyuma: chini ya milimita 9, kuanzia usawa wa ini hadi chini ya figo, ni jambo la kushtua, vilevile upana ukizidi kimo chake mara tatu au zaidi. Sehemu moja tu iliyobonyea haitoshi. Pumzi aliyovuta mgonjwa wakati wa picha inaweza kuibana, ujauzito unaweza kuikandamiza, na mtu asiyekunywa maji tangu asubuhi anaweza kuwa nayo hivyo akiwa hana jeraha lolote. Kwa hiyo nashuka nayo picha baada ya picha, kisha natazama na aorta, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni. Kwa mtu mzima, aorta iliyosinyaa chini ya milimita 13 karibu na mishipa ya figo inaithibitisha hofu.

Utumbo ndio unaoleta ubishi. Wa kijana yule ulikuwa umevimba ukuta, zaidi ya milimita 3, karibu utumbo mwembamba wote. Utando wa ndani uling'aa kwa dawa ya kontrasti, ile inayochomwa mshipani ili damu ionekane kwenye picha, na ndani yake mlijaa maji. Daktari wa upasuaji akauona kwenye skrini, akasema tufungue tumbo, utumbo umeumia. Sikumlaumu, unatisha kuutazama. Lakini utumbo uliopasuka au kukatwa mishipa huvimba mahali pamoja, tena mara nyingi huandamana na hewa nje ya utumbo au damu kwenye utando unaoushikilia. Huu ulivimba wote kwa pamoja, na utumbo mpana ulikuwa salama. Ni utumbo ulionyimwa damu, kuta za mishipa yake midogo zikalegea, maji na dawa vikavuja. Tiba yake ni kumrudishia mgonjwa damu na kuziba panapovuja. Akaongezewa damu, paja likafungwa, tumbo halikufunguliwa. Picha ya kesho yake jioni ilionyesha utumbo wa kawaida kabisa.

Viungo vingine navipitia haraka. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, hung'aa kuliko hata vena kava iliyo jirani, maana ndizo zinazotengeneza adrenalini na mwili hauzinyimi damu. Wengu husinyaa na kufifia, na asiyejua anaweza kuandika kwamba ateri yake imekatika. Maji yanaweza kuzunguka kongosho. Usikimbilie kusema kongosho limejeruhiwa.

Mkusanyiko huu wa dalili uliandikwa Marekani mwaka 1987, kwa watoto walioumia. Baadaye ukaonekana pia kwa wagonjwa wa maambukizi makali ya damu, wa majeraha mabaya ya kichwa, na hata wenye kisukari kilichopanda hadi damu ikawa na asidi. Ukiukuta bila ajali, usitafute jeraha kwa nguvu.

Kuna sura nyingine, na hii ni ya kinyume. Moyo wenyewe ukishindwa, au ukibanwa na damu iliyojaa kwenye mfuko wake, vena kava haibonyei, hutanuka. Anayeanza kuliona hilo ni radiografa. Dawa ya kontrasti imeingia mkononi, anaisubiri ifike kwenye aorta ili mashine ianze kupiga, na ile grafu kwenye skrini haipandi. Sekunde zinakwenda. Niliwahi kukaa pembeni yake ikitokea hivyo. Picha chache zilizotoka zilionyesha dawa imerudi chini hadi kwenye mishipa ya ini na kutuama upande wa mgongoni, kwa kuwa ni nzito kuliko damu na hakukuwa na kitu kinachoisukuma. Radiografa hakungoja maelezo yangu. Alishafungua mlango, na muuguzi alikuwa ameanza kukandamiza kifua cha mgonjwa pale pale mezani.